Kibali cha Kujikunja

Serikali ilitangaza, kwa furaha kubwa na kwa herufi kubwa, kwamba kuanzia tarehe mosi ya mwezi uliofuata hakuna molekuli yoyote ndani ya mipaka ya nchi itakayoruhusiwa kujikunja, kujinyoosha wala kukaa katikati bila kibali cha maandishi.

Tangazo hilo lilipigwa chapa na Katibu wa Kamati ya Taifa ya Kuwasha na Kuzima Dawa, mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, ambaye katika utumishi wake wote hakuwahi kuruka mstari wala kusahau nukta. Alianza kazi kama mpiga chapa. Mengine yote alijifundisha mwenyewe, kwa kusoma kila alichopewa kupiga chapa. Kwa njia hiyo alijua kidogo habari za mbolea, kidogo habari za mikataba ya madaraja, na sasa, baada ya miezi minane ndani ya Kamati, aliijua molekuli inayohusika kuliko wajumbe wote tisa wakiunganishwa. Hakulisema jambo hilo kwa sababu halikuwamo kwenye ajenda.

Molekuli yenyewe ilitengenezwa ghorofa ya pili ya Taasisi ya utafiti wa dawa, katika chumba kisicho na dirisha kilichowashwa taa nyekundu. Aliyeitengeneza alikuwa Mkemia, mwanamke mwembamba ambaye koti lake jeupe lilitobolewa na asidi pale pale kwenye mfuko, hivyo kalamu zake zilikuwa zikimwangukia kila alipoinama. Kwa miaka sita alikuwa akibuni jeli ya kupaka mdomoni, dawa ya maumivu yenye swichi. Siku Kamati ilipokwenda kumtembelea, wajumbe walisimama kwenye wekundu ule wakiwa wamebanana kama nguo kabatini, naye akawaeleza taratibu.

"Kwenye seli za neva kuna vipokezi. Kipokezi kinapokea habari ya maumivu na kuipeleka mbele. Dawa yangu ikiwa imenyooka haiingii kwenye kipokezi, inapita tu. Ukiimulika mwanga wa zambarau, inajikunja hapa katikati, inatosha, inaingia, kipokezi kinanyamaza. Ukiimulika mwanga wa kijani, inanyooka, inatoka, kipokezi kinaendelea na kazi."

Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi, ambaye ndiye Mwenyekiti wa Kamati, aliitikia kwa kichwa kwa muda wa kutosha kuonekana na wote.

"Na inajikunja kwa amri ya nani?"

"Ya mwanga."

"Mwanga si mtumishi wa umma, binti."

Hoja ilikuwa nzito. Wajumbe waliiandika, ingawa kwa taa ile hakuna aliyeona alichoandika. Mjumbe wa Idara ya Umeme alisema kitu chochote chenye kuwashwa na kuzimwa ni kifaa cha umeme, na kinahitaji mita. Mjumbe wa Idara ya Afya alisema kitu chochote kinachopakwa mdomoni ni dawa, isipokuwa kama ni mswaki. Vilifuata vikao vitatu. Mwishoni pande zote ziliridhiana: dawa itakuwa chini ya Afya ikiwa imezimwa, na chini ya Umeme ikiwa imewashwa. Katibu aliweka uamuzi huo kwenye muhtasari kama alivyousikia, kwa sababu kazi ya muhtasari si kushangaa.

Baada ya ziara ile wajumbe walishuka kwenda kwenye magari, Katibu akabaki nyuma kutafuta kifuniko cha kalamu yake. Mkemia alimsaidia kutafuta.

"Nimeona kwenye ripoti umeandika hii ni ya kumi na saba," Katibu akasema. "Zile kumi na sita zilikosa nini?"

Mkemia alimtazama vizuri. Hakuwa amezoea kuulizwa swali lenye jibu.

"Ya kwanza ilijikunja vizuri, lakini haikutosha kwenye kipokezi. Ilikuwa na mkia mrefu. Ya tano nilikata mkia, ikatosha hata ikiwa imenyooka, maana yake ikawa swichi isiyozimika. Ya tisa nilidhani nimefika. Ikafanya kazi dakika sita, ikachoka, ikajinyoosha yenyewe. Mgonjwa atatembea na taa mdomoni mchana kutwa?"

"Na hii?"

"Hii inakaa ulivyoiweka. Siku mbili nzima, isipokuwa ukiiambia vingine. Na uzuri wake si huo." Alichukua taa ndogo, nyembamba kama kalamu, akaielekeza kwenye ncha ya kidole chake. "Unaweza kupaka jeli kinywa kizima, lakini itafanya kazi pale tu ulipomulika. Sindano ya ganzi inalaza ulimi, midomo, kila kitu. Mimi namulika penye maumivu tu. Ulimi unabaki huru. Mtu anakula, anaongea, anagombana na jirani."

Katibu aliacha kutafuta kifuniko.

"Dada yangu yumo kwenye orodha yako ya watu wa kujitolea," akasema. "Namba moja."

"Yule mpiga mnada?"

"Huyo huyo."

"Alifika kabla sijafungua mlango," Mkemia akasema. "Sasa sikiliza, Katibu. Jeli inakaa miezi tisa tangu siku ya kuchanganywa. Baada ya hapo inaharibika, na nyingine nitaipata baada ya mwaka, nikibahatika. Faili la majaribio limeshafika kwenu. Linahitaji saini moja tu."

Hayo waliyazungumza mwezi wa kwanza. Sasa ulikuwa wa tisa, na zilibaki siku nne.

Dada yake Katibu aliishi naye, kwenye chumba cha mbele. Kwa miaka ishirini na tatu alikuwa akiuza kwa mnada makochi, mashine za kushonea na mali za watu waliohama, na ilisemekana angeweza kuuza meza yenye miguu mitatu kwa mtu aliyekuja kununua kiti. Halafu neva ya shavu la kulia ikaharibika. Ilianza kama jino. Wakang'oa jino, kumbe siyo. Wakang'oa la pili. Sasa akitafuna, akiongea, hata upepo ukimpitia shavuni, unampiga mshtuko kama wa waya wa umeme mpaka machozi yanamtoka. Alikunywa maziwa kwa mrija, upande wa kushoto. Mnada akauacha. Maneno aliyatoa manne, matano, kisha alishika shavu na kungoja.

"Wamesaini?" alimuuliza mdogo wake jioni hiyo, kabla hata hajavua viatu.

"Bado. Faili limefika kwenye hatua."

"Hatua gani?"

"Ya kusubiri hatua inayofuata."

Dada aliuweka mrija mezani. Alishika shavu, akafumba macho, mshtuko ukapita.

"Mdogo wangu," akasema polepole. "Umeanza lini kuongea hivi?"

Katibu aliinama. Alivua viatu, akavipanga ukutani, kimoja sambamba na kingine. Hakuwa mtu wa kuhukumu haraka. Aliamini kwamba kila faili lina siku yake, na kwamba nyuma ya kila kuchelewa kuna sababu iliyoandikwa mahali. Kwa miezi minane alikuwa akiitafuta sababu hiyo. Kila asubuhi alilitia faili la majaribio kwenye mkoba, kwa kuwa huenda siku hiyo likaulizwa, na kila jioni alirudi nalo.

Mara mbili aliliweka mbele ya Mkurugenzi. Mara ya pili Mkurugenzi alimweleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mwenzake kufunga tai.

"Katibu, wewe ni mtu wa utaratibu. Tutaruhusuje kitu kabla ya kuzindua masharti ya kukizuia?"

Masharti yalipewa jina la Mwongozo. Yalikuwa na vifungu ishirini na mbili na yalichukua karibu muda wote huo, kwa sababu Kamati haikutaka kulipua kazi.

Kifungu cha tatu kilikuwa fahari ya Mwenyekiti mwenyewe. Kilisema mwanga utagawiwa kwa usawa katika kanda zote za kinywa, juu, chini, kushoto, kulia na ulimi, bila upendeleo. Mkemia, aliyeitwa siku hiyo kama mtaalamu asiye na kura, alisema kwamba kazi yote ya dawa ile ni upendeleo. Mkurugenzi alimjibu kwamba serikali haiwezi kumulika shavu la kulia ikaliacha la kushoto gizani, watu watasema nini.

Kifungu cha tano kilisema anayewasha asiwe ndiye anayezima. Palianzishwa Ofisi ya Kuwasha, iliyotunza taa ya zambarau, na Ofisi ya Kuzima, iliyotunza ya kijani, kila moja na mlango wake, mhuri wake na birika lake. Ofisi ya Kuzima alipewa mama mmoja aliyekuwa mtunza stoo kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo hakuna msumari uliotoka stoo bila saini. Watu walimwita Mama Kuzima, naye hakukataa.

Kifungu cha sita kilihusu maombi ya kuzimwa. Mkurugenzi alikuwa na wasiwasi na ndugu wa wagonjwa, watu ambao kwa maoni yake wanaweza kusaini chochote. Kwa hiyo ombi la kuzimwa litatolewa na mgonjwa mwenyewe, kwa kauli yake, kwa sauti ya kueleweka, mbele ya mashahidi wawili. Maandishi hayatapokelewa.

Hapo Katibu aliinua mkono, jambo alilolifanya kama mara moja kwa mwaka.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mgonjwa aliyemulikwa kinywa kizima, ulimi ukiwemo, huenda akashindwa kutamka."

"Ndiyo maana tukasema kwa sauti ya kueleweka. Akishindwa, atakata rufaa."

"Kwa maandishi?"

"Kwa mdomo."

Katibu aliandika.

Kifungu cha kumi na nne kiliombwa na Mkemia. Kilisema mshiriki wa majaribio yaliyoidhinishwa atawashwa na kuzimwa na mtafiti mwenyewe, mahali ambapo mtafiti ataona panafaa. Kilipita kwa dakika mbili bila mjadala. Chai ilikuwa imeshaingia, na tena hakuna majaribio yaliyokuwa yameidhinishwa.

Siku ya uzinduzi wa Mwongozo, zikiwa zimebaki siku tatu jeli iharibike, ukumbi wa Taasisi ulipambwa kwa vitambaa vya zambarau upande mmoja na vya kijani upande wa pili. Waziri alitarajiwa saa nane. Viti vilikuwa vingi kuliko watumishi, hivyo Mkurugenzi aliagiza wagonjwa thelathini wa kwenye orodha ya kujitolea waitwe kuja kupiga makofi. Walikuja wote, kila mmoja ameshika shavu lake. Dada yake Katibu alikaa kiti cha kwanza, mstari wa mbele, na kitambaa kizito kichwani kuzuia upepo wa feni. Mkemia alikuwepo na mkebe wake wa jeli uliofunikwa kwa karatasi nyeusi. Alikuwepo pia daktari wa meno wa Taasisi, mzee mnene ambaye alikuwa amekwisha kuwapima wale thelathini mara tatu na hakuambiwa la kufanya baada ya hapo.

Ilipofika saa saba na nusu Mkurugenzi aliita mpiga picha.

"Nataka picha nikiwa na taa mdomoni," akasema. "Kiongozi lazima atangulie. Wananchi wakiona mimi nimepaka, hofu itawatoka."

"Kwa picha si lazima kuwasha," Mkemia akasema.

"Picha ya taa iliyozimwa ni picha ya nini?"

"Basi nimulike padogo. Hapa kwenye fizi, mara moja."

Mkurugenzi alicheka kwa huruma. Aliamuru taa ya zambarau itolewe Ofisi ya Kuwasha, akaisainia, akapakwa jeli, akaishika taa mwenyewe. Alitekeleza kifungu cha tatu kwa uaminifu ambao haujaonekana tena. Alimulika kanda ya juu, kanda ya chini, kushoto, kulia. Alitoa ulimi, akaumulika juu, akaukunja, akaumulika chini. Akamalizia midomo. Mpiga picha alipata picha kumi na moja, zote nzuri.

"Hahiha," Mkurugenzi akasema.

Wajumbe walitabasamu na kungoja neno linalofuata.

"Hahiha ho," akaongeza, na mate yakamshuka kidevuni bila yeye kuwa na habari nayo. Macho yake, ambayo hayakumulikwa, yalianza kuwa makubwa.

Daktari wa meno alisogea, akamgusa mdomo kwa kijiti. "Unasikia hapa? Hapa je?" Mkurugenzi alitikisa kichwa. "Inafanya kazi sana," daktari akamwambia Mkemia.

"Ya kumi na saba," Mkemia akasema. "Itakaa hivyo mpaka keshokutwa."

Hotuba ya Mkurugenzi ilikuwa na kurasa kumi na nne. Aliionyesha kwa kidole pale ilipo kwenye jukwaa, akaonyesha saa ya ukutani, kisha akamgeukia Mama Kuzima, aliyekuwa amekaa na taa ya kijani mapajani ndani ya kisanduku chenye kufuli.

"Karibu, Mheshimiwa," Mama Kuzima akasema. Alifungua daftari, akawaita mashahidi wawili, akavaa miwani. "Tamka ombi lako."

"Hihi."

"Sijaelewa. Tamka tena, taratibu."

"Hi-hi-he."

Mama Kuzima aliandika huku akisoma alichoandika. "Mwombaji... ametoa... sauti." Akainua kichwa. "Kauli bado."

Mkurugenzi alinyakua kalamu na karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: NIZIME.

Mama Kuzima aliipokea karatasi kwa mikono miwili, kwa heshima, akaisoma, akaigeuza kuangalia nyuma kama kuna jingine.

"Haya ni maandishi, Mheshimiwa. Kifungu cha sita kinakataa maandishi. Na saini hii chini ya kifungu ni yako. Nzuri kweli, saini yako."

Akaandika: NAFUTA KIFUNGU CHA SITA.

Macho yote yalimgeukia Katibu, ambaye alisogea mbele huku akifunua kabrasha la taratibu. Alizungumza kwa sauti yake ile ile ya siku zote.

"Kifungu kinafutwa na kikao, Mheshimiwa. Kikao kinafunguliwa na Mwenyekiti kwa kutamka kwamba kikao kimefunguliwa. Mwenyekiti akiwa na udhuru, anatamka Makamu. Nafasi ya Makamu iko wazi. Ulisema ataleta makundi."

Ilikuwa saa saba na dakika arobaini na tatu. Mjumbe wa Idara ya Umeme alinong'ona kwamba kwa sasa kinywa cha Mwenyekiti, kwa kuwa kimewashwa, kiko chini ya idara yake, lakini hakuja na mita. Hakuna aliyemjibu.

Mkurugenzi aliketi. Jasho lilikuwa likimtoka kwenye paji la uso na kushuka mpaka mahali asipolisikia. Aliandika tena, safari hii kwa herufi ndogo, akamsogezea Katibu karatasi: Nifanye nini?

Katika miezi minane ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote wa Kamati kumuuliza Katibu ushauri. Katibu hakuwa mtu wa hila. Aliulizwa swali, na aliona ni wajibu wake kulijibu vizuri. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alimtazama dada yake kwenye mstari wa mbele. Dada alikuwa ameshika shavu, machozi yanamtoka, na Katibu hakuweza kujua kama ni mshtuko au ni kule kujizuia kucheka, kwa kuwa kwake vyote viwili viliuma sawasawa.

"Kipo kifungu cha kumi na nne," Katibu akasema. "Mshiriki wa majaribio yaliyoidhinishwa anazimwa na mtafiti mwenyewe. Hahitaji kutamka chochote. Tatizo ni kwamba hakuna majaribio yaliyoidhinishwa."

Mkurugenzi alizungusha mkono hewani, kama mtu anayesema harakisha.

"Faili ninalo." Alilitoa mkobani. Pembe zake zilikuwa zimechakaa kwa safari za miezi minane. "Ukiidhinisha, wewe ukajiandikisha kuwa mshiriki, utakuwa ndani ya kifungu. Kuidhinisha kunataka saini tu."

Mkurugenzi alisaini pale alipoonyeshwa, mara tatu, bila kusoma, kama kawaida yake. Katibu alifungua kidau cha mhuri, akagonga, akapuliza wino ukauke. Kisha akampa Mkemia faili, naye, ambaye alikuwa amelisubiri tangu jeli ikiwa mbichi, alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akahesabu saini, akasoma tarehe mara mbili. Alipoinama, kalamu ikamtoka mfukoni, ikabiringika chini ya kiti. Aliiacha.

"Limekamilika," akasema.

"Kama limekamilika," akasema Mama Kuzima, "basi chukua." Akafungua kufuli, akamkabidhi taa ya kijani. Akasainisha.

Daktari wa meno alimletea Mkurugenzi fomu ya kujiunga. Alisaini. Katibu akamwandika kwenye orodha, kwa mwandiko wake wa wima: mshiriki wa thelathini na moja.

Mkurugenzi alifungua mdomo tayari kumulikwa.

"Tunaanza na namba moja," Mkemia akasema.

Mkurugenzi akaandika: MIMI KWANZA.

Mkemia alimwonyesha ukurasa wa kumi na moja wa faili alilotoka kulisaini. Washiriki watahudumiwa kwa mpangilio wa kujiandikisha, kila mmoja dakika kumi.

"Yeye ni wa kumulika kijani tu," daktari wa meno akasema kwa moyo mzuri. "Dakika moja inatosha."

"Inatosha," Mkemia akakubali. "Itakuwa dakika yake, baada ya watu thelathini."

"Bila upendeleo, Mheshimiwa," Mama Kuzima akamkumbusha, akiwa na Mwongozo wazi kwenye kifungu cha tatu.

Katibu alimpeleka Mkurugenzi kwenye benchi la kungojea, akamketisha mwishoni, akambandika karatasi ya namba yake kifuani, akamwekea hotuba yake mapajani ili isipotee.

Dada alifungua kinywa. Mkemia alimpaka jeli kwa kijiti cha pamba, akasubiri, kisha akaielekeza taa ya zambarau kwenye kipande cha fizi kisichozidi ukucha wa kidole kidogo. Hakuhangaika na kanda nyingine. Alihesabu kimya kimya, midomo ikicheza. Katibu alisimama kando ameshika kabrasha kwa mikono yote miwili. Akagundua kwamba amelishika juu chini.

"Jaribu," Mkemia akasema.

Dada alijigusa shavu kwa ncha ya kidole, kama mtu anayegusa pasi. Akaligusa tena. Akavua kitambaa kichwani, akaligeuza shavu lile kuelekea feni, akangoja upepo umfikie. Upepo ukafika.

"Ukumbi huu," dada akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia mpaka mlangoni, "una viti mia na ishirini, feni nne, moja mbovu, mapazia ya rangi mbili yasiyoelewana, na mdogo wangu mmoja analia huku ameshika kabrasha kichwa chini miguu juu. Nani anaanza na bei?"

Wagonjwa ishirini na tisa walicheka, kisha wote wakashika mashavu.

Waziri aliingia saa nane kamili. Alimkuta Mkurugenzi Mkuu amekaa mwisho wa benchi pamoja na wananchi, kimya, na karatasi yenye namba kifuani. Waziri alisimama akamtazama kwa muda.

"Na wewe uko kwenye foleni?"

Mkurugenzi aliitikia kwa kichwa.

"Hutahutubia?"

Mkurugenzi alifungua mdomo, akafikiri, akaufunga.

"Nimezindua vitu vingi nchi hii," Waziri aliwaambia waandishi wa habari. "Sijawahi kumwona kiongozi mwenye hotuba mkononi akakataa kuisoma. Huu ndio uongozi. Majaribio haya yaendelee nchi nzima, yasiingiliwe na kamati yoyote." Akasoma kurasa zake mbili, akakata utepe, akaondoka. Alikuwa na uzinduzi mwingine.

Wajumbe wa Kamati walimsindikiza mpaka kwenye gari na hawakurudi. Wa Idara ya Umeme alisema anakwenda kuleta mita. Ukumbini alibaki Mkemia na taa zake mbili, daktari wa meno, Mama Kuzima aliyekataa kuondoka mpaka taa ya kijani irudi, na Katibu, aliyekuwa akiita namba. Alikuwa amefika ya tatu.

Dada hakwenda nyumbani. Alipita kando ya benchi akimtazama mtu mmoja mmoja, mpaka akafika mwisho, akaketi karibu na Mkurugenzi na kujiweka sawa kama mtu aliyepanda basi la mbali.

"Wewe ndiye mwenye saini," akamwambia. "Nimefurahi kukuona, maana nilidhani ni mhuri tu. Sasa hebu nikueleze. Jino la kwanza walining'oa Jumatatu, mwezi wa kwanza wa ugonjwa huo. Siyo kwamba lilikuwa bovu. Lilikuwa zima kabisa, nikaenda nalo nyumbani ndani ya karatasi, nikaliweka dirishani. Asubuhi yake nikaenda mnadani, kulikuwa na kochi la watu watatu, kochi zuri, na pale nilipofungua mdomo kusema bei..."

Aliendelea. Hakuruka kitu. Alieleza la kochi, la jino la pili, la daktari aliyemwambia ni mawazo tu, la mrija wa kwanza wa maziwa na jinsi ulivyokuwa mfupi. Katibu aliita namba nne, baadaye namba tano. Mkurugenzi aliinua kidole, taratibu, kuomba nafasi.

"Subiri baba," dada akamwambia, akimpigapiga goti. "Bado sijafika mwezi wa pili."